Kibali cha Kutoka Jasho

Ilikuwako nchi moja ambayo jina lake bado linajadiliwa na kamati, na kwa kuwa kamati haijamaliza, wananchi wake walizoea kuiita "hapa". Hapa kulikuwa na serikali yenye bidii sana. Kila mwaka iliupa mwaka jina. Uliotangulia ulikuwa Mwaka wa Subira, na kwa sababu haukutimiza malengo yake uliongezewa miezi minne, ndipo ukafuata Mwaka wa Msuli, ulioanza mwezi wa tano.

Mwezi huo huo wa tano, asubuhi, Bi. Mwanahija alinyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, na mkono haukwenda.

Aliutazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeitwa jina asiitike. Mumewe, Mzee Mashombo, alikuwa upande wa pili wa meza akichovya mkate, akadhani mkewe anawaza jambo. Alipoinua macho tena aliona mdomo wa mkewe umekwenda upande, akasimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

Walikuwa wawili tu nyumbani. Binti yao Semeni aliolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Mzee Mashombo alikuwa seremala mstaafu wa mabehewa ya reli. Kwa miaka thelathini alichonga viti vya mabehewa mazuri ajabu, na yote bado yalikuwa karakana yakisubiri reli. Bi. Mwanahija alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu utotoni aliandika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono huo alitia sahihi ripoti za watoto kwa miaka ishirini na mbili, sahihi ndefu yenye mkia uliopinda chini ya jina lake vizuri mno, hata wazazi wengine walizitundika ripoti ukutani ijapokuwa mtoto amefeli.

Kiharusi kilichukua upande wa kushoto wote, mguu na mkono.

Hospitalini walikaa siku tisa. Chumba cha mazoezi ya viungo kilikuwa na mashine mpya kumi na mbili, zote zimefunikwa nailoni zikisubiri kuzinduliwa. Mgonjwa aliruhusiwa kuzitazama. Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mwembamba aliyeitwa Onorina, aliwachukua pembeni siku ya kuruhusiwa.

"Baba, nisikilize vizuri," alisema. "Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye kazi. Mguu na mkono vikiamshwa sasa, vitaamka. Vikiachwa vilale miezi mitatu, mkija hapa nitawapa pole tu."

"Na mashine hizi?"

Dada Onorina alizitazama nailoni. "Baba, wewe si seremala? Tengeneza nyumbani. Huhitaji makubwa. Mahali pa kushika, mahali pa kukaa, kitu cha kuvuta, kitu cha kuinua. Na sakafu isiyoteleza. Basi."

*

Mzee Mashombo alichagua stoo, chumba cha futi nane kwa sita nyuma ya jiko. Akatoa magunia ya mkaa, akatoa baiskeli isiyo na magurudumu na mlango uliokuwa ukingoja nyumba ya kuwekwa. Akaisugua sakafu kwa sabuni, akaziba nyufa kwa saruji, akafungua dirisha lililokuwa limepigwa misumari tangu mwaka wa wezi.

Kwenye ukuta alipigilia mhimili wa mbao wa kushikia, usawa wa kiuno cha mkewe, akaupiga msasa siku nzima hadi ukawa laini kama kitovu cha mtoto. Chini alitandika blanketi kuukuu, juu yake jamvi, akalishona pembe nne lisikimbie. Kapi la kisima kilichokauka akalitundika darini, akapitisha kamba yenye vitambaa kwenye ncha mbili, ili mkono mzima uvute na mkono mgonjwa upande. Mpira wa ndani wa baiskeli akaufunga kwenye msumari mlangoni, wa kuvuta kwa mguu. Chupa mbili ndogo za maji akazijaza mchanga. Akachonga kigoda kisicho na mgongo, cha kukalia na kusimamia, na mbele yake akasimamisha kipande cha kioo cha kabati, mkewe ajione kama anaegemea upande.

Alipomaliza hakuwa amenunua chochote isipokuwa misumari na uzi.

Bi. Mwanahija aliingia akiburuta mguu, akaangalia huku na huku.

"Baba Semeni," akasema, maneno yakimtoka kwa shida, "umenitengenezea behewa."

"Hili litaondoka," mumewe akajibu.

Walianza siku hiyo hiyo. Kukaa, kusimama. Kukaa, kusimama. Mzee alihesabu kwa sauti kwa sababu mkewe aliishiwa pumzi ya kuhesabu. Siku ya kwanza alifika mara nne. Siku ya sita alifika kumi, na jioni yake kidole gumba cha mkono wa kushoto kikatikisika chenyewe juu ya kitambaa cha kapi. Walikitazama wote wawili, wakaogopa kusema neno kisije kikasikia aibu.

Siku ya saba akaja Bwana Pazi.

*

Bwana Pazi alikuwa Afisa Msuli wa Mtaa. Cheo hicho kilikuwa kipya, na suti yake ya michezo ilikuwa mpya pia, nyekundu, yenye mstari mweupe uliopita juu ya kitambi kama barabara inayopanda mlima. Alibisha hodi kwa adabu, akakaribishwa, akapewa kiti na maji.

"Nimesikia hesabu," akasema baada ya kumaliza maji. "Nilikuwa napita nyuma ya dirisha. Nikasikia saba, nane, tisa. Mzee wangu, nani alikuwa anahesabiwa?"

Mzee Mashombo, ambaye hakuwa na cha kuficha, alimwonyesha stoo. Bwana Pazi aliingia, akavuta kamba ya kapi, akashika mhimili, akajitazama kwenye kioo na kusikitika kidogo. Kisha akatoa daftari.

"Hiki ni Kituo cha Mazoezi," akasema.

"Ni stoo, bwana."

"Ilikuwa stoo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Jasho, chumba chochote chenye kitu cha kushika, kitu cha kuvuta na mtu anayehema ni Kituo cha Mazoezi. Kina kibali?"

Akaeleza kwa upole kwamba jasho ni mali ya taifa. Kwa miaka mingi wananchi walikuwa wanalitoa ovyo, mmoja chumbani, mwingine uani, bila takwimu, na serikali ikabaki haijui taifa lina nguvu kiasi gani. Sasa hilo limekomeshwa. Kila atakayetoka jasho kwa makusudi nyumbani kwake atakuwa na kibali.

"Mke wangu ameugua kiharusi," akasema Mzee Mashombo. "Ana miezi mitatu. Zimeshapita wiki tatu."

"Pole sana," akasema Bwana Pazi, na alimaanisha. Akachomoa mfukoni bunda la utepe wa manjano, akaubandika mlangoni kutoka pembe hii hadi pembe ile, vifaa vikiwa ndani. "Na msije mkahamia sebuleni, mzee wangu. Hilo linaitwa kuhamisha jasho, nalo lina kifungu chake. Mpaka kibali kitoke, mama apumzike. Nitakuwa napita kila siku kumgongea muhuri kwenye Cheti cha Kupumzika."

Alipoondoka, Bi. Mwanahija alibaki ameketi akiutazama utepe.

"Kibali chenyewe kinatoka wapi?" akauliza.

"Wizarani. Ghorofa ya nne."

"Na mwombaji ni nani?"

"Mtumiaji. Anatakiwa afike mwenyewe."

Aliutazama mguu wake. Kisha akasema, "Niletee viatu."

*

Wizara ya Misuli, Mishipa na Uchangamfu wa Taifa ilikuwa na lifti iliyokwisha kuzinduliwa mara tatu. Ilikuwa na zulia ndani na ua kwenye chungu. Haikuwa inakwenda popote, ila mlinzi aliruhusu watu kuingia, kukaa kidogo na kutoka.

Kwa hiyo walipanda ngazi. Zilikuwa sabini na mbili. Bi. Mwanahija alishika reli kwa mkono wa kulia, mumewe akamshika kiunoni, akapandisha mguu mzima, akauvuta ule mgonjwa, akapumzika. Akapandisha mguu mzima, akauvuta ule mgonjwa. Watu wenye mafaili waliwapita wakisema "samahani". Safari ya kwanza ilichukua saa moja na nusu, na walipofika ghorofa ya nne dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya chai.

Lilipofunguliwa walikutana na Bi. Adiventina, Mkurugenzi Msaidizi wa Mazoezi ya Ndani, Vyumba Vidogo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya utulivu na kalamu tatu nyweleni.

"Jaza hapa, tia sahihi hapa," akasema.

Bi. Mwanahija alichukua kalamu kwa mkono wa kulia. Mkurugenzi Msaidizi akamzuia. Tangu Bwana Pazi apeleke taarifa, alikwisha kuagiza kadi ya mwombaji kutoka wizara ya elimu, na kadi ilisema mwalimu huyu huandika kwa kushoto. Basi mumewe akamfungulia vidole vya kushoto kimoja kimoja, akaipachika kalamu katikati, akavifunga. Kilichotoka kwenye karatasi kilikuwa kama njia ya konokono mlevi.

Bi. Adiventina aliiweka fomu kando ya kadi, akazilinganisha kwa muda mrefu.

"Sahihi hii ni ya mtu mwingine."

"Ni yangu," akasema Bi. Mwanahija. "Huyo mtu mwingine ndiye mimi sasa."

"Mama yangu, nakuelewa. Lakini wizara haiwezi kumpa kibali mtu mmoja kwa kadi ya mtu mwingine. Rudi kesho ukiwa wewe."

Mzee Mashombo akauliza kama dole gumba halifai. Bi. Adiventina akashtuka kidogo. Dole gumba, alisema, ni la wasiojua kusoma na kuandika. Mwalimu mkuu akigonga dole atakuwa ameidanganya serikali kuhusu hali ya elimu nchini. Badala yake akawapa Fomu ya Majaribio ya Sahihi, yenye mistari arobaini, yenye maelekezo mafupi juu yake: *Rudia mpaka ifanane.*

*

Wakawa wanakwenda kila siku ya kazi. Asubuhi Bwana Pazi aligonga muhuri kwenye Cheti cha Kupumzika, akishuhudia kwamba mama amepumzika. Saa mbili mama akaondoka kwenda kupanda ngazi sabini na mbili. Hilo halikuhesabiwa kuwa mazoezi. Lilikuwa kufuatilia faili.

Kwenye kituo cha ghorofa ya tatu, pale ngazi zinapogeuka, kulikuwa na mtu aliyekuwa akiketi juu ya begi lake akipumua. Aliitwa Mzee Gombera. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule za bweni, mwili mkubwa, sukari kwenye damu na moyo usiomwelewa. Daktari alimwambia ausogeze mwili au atawahishwa kaburini. Naye akatengeneza chake uani: makopo ya rangi aliyoyajaza saruji, madogo ya mkononi, na bomba la chuma lenye makopo mawili makubwa ncha mbili. Utepe wa manjano ulimfika siku ya tatu.

"Mimi sahihi yangu haina neno," aliwaambia siku walipofahamiana. "Kilichonikwamisha ni picha. Wanataka picha mbili za mwombaji akitoka jasho, nyuma pawe bluu."

"Si utoke jasho upigwe?" akasema Mzee Mashombo.

"Nitalitoaje? Kufanya mazoezi kabla ya kibali ni kosa. Kwa hiyo nakuja kupanda hizi ngazi. Nikifika hapa nimelowa chapa. Lakini mpiga picha aliyesajiliwa yuko chini, mlangoni. Nikiteremka hadi kwake limekauka." Akacheka, cheko la mtu ambaye amekwisha kulisimulia jambo hilo mara nyingi. "Juzi nilijimwagia maji. Wakanirudishia picha. Eti hilo jasho halina uzalendo."

Bi. Mwanahija alicheka mpaka mumewe akamshika asianguke. Hakuwa amecheka tangu siku ya kikombe. Tangu hapo pale ghorofa ya tatu pakawa mahali pao pa kupumzika. Mzee Gombera alikuwa na mihogo ya kuchemsha kwenye begi, akawapa. Aliwaeleza namna ya kupika maharage ya watoto mia nne yasiungue. Alipoona mistari ya sahihi za Bi. Mwanahija alizipitia kwa makini na kutia alama ya vema kwenye zile alizozipenda.

"Hii ina roho," alikuwa anasema. "Mkia bado, lakini roho imo."

Mwezi wa kwanza ukaisha. Mzee Mashombo alichoka kwa namna ambayo hakuijua karakana. Kazi ya mbao inachosha mikono, mtu analala, anaamka ameipata mikono yake. Uchovu huu ulikuwa wa mahali pengine. Alikuwa akikaa kitandani na soksi moja mkononi, akisahau ya pili inavaliwa wapi, akihesabu wiki zilizobaki kati ya zile kumi na mbili. Mchana aliisikia redio ikieleza kwamba vibali vilivyoombwa vimeongezeka maradufu, ushahidi kwamba taifa linazidi kuwa na nguvu.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwezi wa pili walimkuta Mzee Gombera chini mlangoni, amekaa kwenye kigoda cha mpiga picha, kitambaa cha bluu nyuma yake. Uso wote ulikuwa unang'aa kwa maji. Yalikuwa yanamtiririka kwenye nyusi hadi kidevuni.

"Leo limekuja lenyewe!" akawaambia kwa furaha, ingawa sauti ilikuwa ndogo. "Sijapanda hata ngazi moja. Nimeshuka kwenye gari tu, jasho hili hapa."

"Umepauka, kaka," akasema Bi. Mwanahija. "Huumwi?"

"Kifua kinabana kidogo. Ni furaha, shemeji. Piga, piga, lisikauke!"

Mpiga picha akapiga. Mzee Mashombo alitaka kumsindikiza nyumbani, lakini Mzee Gombera alikataa. Akasema wao wana ngazi zao za kupanda, yeye atakabidhi picha dirisha la chini na kwenda kupumzika kama alivyoamriwa. Aliwapungia mkono.

Kesho yake kituo cha ghorofa ya tatu kilikuwa kitupu, na keshokutwa yake pia. Wakasema moyoni kwamba mwenzao amekwisha kupata.

*

Miezi mitatu ilitimia siku ya Alhamisi. Hawakwenda wizarani, walikwenda hospitali, Mzee Mashombo akiwa amejitayarisha kupewa pole. Mashine kumi na mbili zilikuwa bado ndani ya nailoni. Dada Onorina alimsimamisha Bi. Mwanahija, akamkalisha, akamwambia atembee hadi ukutani na kurudi. Alitembea. Alichechemea kidogo, lakini mguu ulijipandisha wenyewe. Akampa kalamu mkono wa kushoto. Vidole viliifunga polepole, vikaishika.

"Mkono bado una safari," akasema Dada Onorina, "lakini mguu umerudi. Sikutegemea. Mmemfanyisha mazoezi gani?"

Mzee Mashombo alizitazama zile nailoni.

"Tumeomba kibali," akasema.

Kesho yake, Ijumaa, Bi. Mwanahija alipanda ngazi sabini na mbili bila kushikwa, mumewe akimfuata nyuma akihema. Dirishani alitia sahihi. Jina lilikaa kwenye mstari. Mkia ulitetemeka, ukapinda, ukaishia njiani. Bi. Adiventina aliutazama, akatazama kadi, akatazama kalenda. Siku ya Msuli ilikuwa Jumatatu, na Mheshimiwa Waziri alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo vitatolewa vibali mia mbili. Vilikuwapo mia moja tisini na tisa.

"Imefanana," akasema.

*

Hafla ilifanyika kwenye ua wa wizara, chini ya turubai. Mheshimiwa Waziri alipatwa na udhuru, kwa hiyo hotuba yake ilisomwa na Bi. Adiventina, ambaye aliongeza machache ya kwake.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Maadui wa maendeleo husema serikali inachelewesha. Nawauliza, nani amechelewa? Tazameni hapa mstari wa mbele. Mama huyu alifika kwetu akiburuzwa. Leo amepanda mwenyewe! Hiyo ni Programu ya Taifa ya Ngazi, iliyobuniwa na wizara kwa siri, ili isihujumiwe. Lifti imesimamishwa kwa makusudi. Narudia, kwa makusudi! Na kwa mafanikio haya, natangaza kwamba lifti zote za hospitali nazo zitasimamishwa."

Watu walipiga makofi. Waliopiga makofi kwa mikono miwili waliandikwa.

Baada ya hotuba, Bi. Adiventina aliwaita Mzee Mashombo na mkewe pembeni. Alikuwa ameshika bahasha iliyobaki mezani.

"Huyu hakuitikia jina," akasema. "Gombera. Mnamfahamu? Nimewaona mkizungumza ngazini. Nisaidieni kumfikishia, maana nikiirudisha ndani nitabaki na mia moja tisini na tisa."

*

Nyumba ilikuwa ng'ambo ya reli isiyo na treni. Aliyefungua ni mwanamke mwembamba, kanga moja kichwani na nyingine mabegani, Bi. Sikudhani, mke wa Mzee Gombera. Aliwatazama viatu, akawatazama nyuso, akajua hawajui.

"Siku ya thelathini na nne leo," akasema. "Karibuni mkae."

Waliketi. Kisha akawasimulia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia yote. Mumewe alirudi mchana akiwa na furaha ya picha. Akasema amelowa, anataka kupumzika. Akakaa kwenye kiti kile pale uani, kando ya vyuma vyake vilivyofungwa utepe, akaegemea.

"Afisa wa huku kwetu alikuja saa kumi kama kawaida," akasema Bi. Sikudhani. "Mimi nilikuwa jikoni. Akamtazama pale kwenye kiti, akaona ametulia. Akagonga muhuri akaenda zake. Nilipotoka na uji nikakuta cheti juu ya goti lake."

Alikitoa ndani ya kitambaa. Muhuri ulikuwa wa zambarau, wazi kabisa: AMEPUMZIKA.

Bi. Mwanahija alikishika cheti kwa mikono yote miwili, asiweze kukirudisha. Mzee Mashombo naye alikuwa na bahasha mkononi na hakujua aiweke wapi. Mwishowe aliitoa mbele kama mtu anayetoa kitu alichokivunja.

"Kimetoka," akasema.

Bi. Sikudhani alifungua, akakisoma kibali chote, juu mpaka chini, pamoja na vifungu.

"Sasa kinamruhusu nini?"

"Kufanya mazoezi, shemeji."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mitano."

Akatikisa kichwa taratibu, akakikunja, akamrudishia. "Kichukueni. Mimi nitakiweka wapi? Na vile vyuma vichukueni pia. Kila nikifagia ua navipitia."

Mzee Mashombo alisema pana utepe. Bi. Mwanahija alikuwa amekwisha kusimama. Alitoka uani, akashika ncha ya utepe wa manjano kwa mkono wa kushoto, ukaponyoka. Akaushika tena, akauzungusha kwenye kiganja mara mbili, akauvuta. Ulikatika.

*

Walirudi kwa miguu, Mzee Mashombo na bomba la makopo mawili begani, mkewe na kopo dogo kwenye mfuko wa kitambaa. Jua la saa nane lilikuwa limesimama juu ya vichwa. Kwenye njia panda mgambo mmoja wa Mwaka wa Msuli akawasimamisha.

"Mzee! Kubeba uzito hadharani. Kibali?"

Mzee Mashombo hakuwa na nguvu ya kutafuta mfuko upi una kipi. Alitoa bahasha iliyotangulia mkononi. Mgambo akafungua, akaitazama picha: mtu mzima, macho yamezama, uso mzima unatiririka jasho. Akamtazama aliyesimama mbele yake chini ya chuma: mtu mzima, macho yamezama, uso mzima unatiririka jasho.

"Sawa," akasema, akapiga saluti. "Pita, Mzee Gombera. Afya njema."

"Ahsante," akasema Mzee Mashombo, na wakapita.

Nyumbani Bwana Pazi alikuwa ameshabandua utepe wao na kuukunja vizuri kwa matumizi ya baadaye. Stoo ilinuka vumbi. Panya walikuwa wamekula pembe moja ya jamvi. Bi. Mwanahija aliketi kwenye kigoda, akalitoa kopo kwenye mfuko na kuliweka mapajani, ndipo akaona maandishi. Saruji ilipokuwa bado mbichi, mtu alikuwa ameandika juu yake kwa msumari, herufi kubwa za mtu asiye na haraka: KESHO MARA KUMI NA MOJA.

Alimwonyesha mumewe. Mumewe alisoma, akageuza uso kuelekea dirishani, akalifungua, ingawa lilikuwa wazi tayari kiasi cha kutosha.

Bi. Mwanahija aliliweka kopo kwenye kiganja cha kushoto, akalikinga chini kwa kiganja cha kulia, akaliinua. Akalishusha. Akaliinua. Mara ya tatu mkono ukaanza kutetemeka wote hadi begani, akalishusha hadi sakafuni na kubaki ameinama.

Mzee Mashombo akakaa chini kwenye jamvi kando yake, mgongo ukutani.

"Zimebaki nane," akasema.

"Najua kutoa, Baba Semeni," akajibu mkewe, macho ameyafumba. "Niache nipumue."